Farumi Yenye Miguu

Mashua imelala. Ukingo wa upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, unachota povu, tanga limejaa mpaka kamba zinalia, na upande wa pili, juu ya ubao uliochomozwa nje ya chombo, wanaume sita wamekaa kama kunguru juu ya waya wa stima. Miguu inaning'inia, migongo inapigwa na maji ya chumvi. Nahodha hasemi neno. Macho yake hayako kwenye tanga, yako kwenye maji ya mbele. Mara upepo unapungua kidogo, kiasi ambacho mtu aliyesimama gatini hawezi kukihisi, na wale wawili wa mwisho ubaoni wamekwisha kurudi ndani. Hakuna aliyewaamuru. Wangechelewa, mashua ingewaangukia wao.

Hivi ndivyo mashindano ya mashua ya Lamu yanavyoonekana ukiyatazama kutoka ndani ya chombo. Kutoka nchi kavu huonekana matanga meupe tu yakifukuzana kwenye mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda, huku vigelegele vikipigwa na watoto wakikimbia ukingoni mwa maji. Mji huu mkongwe wa kaskazini mwa pwani ya Kenya, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hushindanisha vyombo zaidi ya mara moja kwa mwaka: wakati wa Maulidi, wakati wa tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, na mwaka mpya unapoingia, kwenye kijiji cha Shela. Punda nao hushindana. Lakini anayetaka kujua mabaharia ni watu gani huenda kusimama ufukweni.

Anayesimama pale husifu tanga, husifu mbao, husifu jina la nahodha. Wenyewe waliomo chomboni hufikiria kitu kingine: uzito. Uko wapi sasa hivi, na unatakiwa uwe wapi baada ya pumzi mbili?

Mashua ya Lamu ina mlingoti mmoja unaoinamia mbele kidogo. Juu yake huning'inizwa foromali, mti mrefu unaobeba tanga, na tanga hilo likitwekwa hupaa kama bawa la ndege. Vyombo hivi huundwa kwa mikono, na kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kina sifa ya mafundi wake tangu zamani. Siku za kazi mashua hubeba mchanga, mawe, boriti, samaki au abiria. Mzigo huo ukiwa chini tumboni, chombo hutulia, kwa sababu shehena yenyewe ndiyo inayokizuia kisipinduke.

Siku ya mashindano hakuna shehena. Mashua tupu ni nyepesi na ina mbio, lakini ni kama mtu mrefu aliyesimama kwenye kiti kibovu. Tanga lililokatwa kusukuma tani za mizigo sasa linasukuma ganda la mbao. Hapo ndipo inapohitajika farumi, yaani uzito unaowekwa chomboni ili kukituliza. Majahazi ya zamani yakikosa mzigo yalitiwa mawe au mchanga na safari ikaanza. Katika mashindano farumi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni mifuko ya mchanga, inayoburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kila chombo kinapogeuka. Ya pili ni mabaharia wenyewe, na hiyo ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa ina miguu na ina macho.

Hesabu yake anaijua kila aliyewahi kutazama mizani ya mkono ya sokoni, ile ambayo jiwe dogo husogezwa mbali na mshikio mpaka likalingana na gunia zima. Watu watano wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Wakikaa mita 1 kutoka katikati ya chombo, wana nguvu fulani ya kukiinua. Watu walewale wakitoka ubaoni hadi mita 3, nguvu yao huwa mara tatu, na chombo hakikuongezewa hata gramu. Ndiyo maana ya ule ubao. Mchanga ulio chini hutuliza, lakini hauwezi kutoka nje ya chombo ukaning'inia.

Kwenye mashua ya mashindano kila mtu ana mahali pake. Nahodha hukaa tezi, nyuma kabisa, ameshika kana, ule mti unaogeuza usukani. Karibu naye yuko mshika demani. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Ikivutwa, tanga hukaza na kubana upepo. Ikilegezwa, upepo humwagika. Kamba hii haifungwi fundo gumu. Huzungushwa mahali pamoja ili isimchoshe mtu, na mkono haubanduki juu yake, kwa sababu siku itakayotakiwa kuachiwa haitatoa muda wa kufungua fundo. Omo, mbele, wako wanaoshughulikia goshi, yaani pembe ya mbele ya tanga, pamoja na ncha ya chini ya foromali. Wengine wako kwenye jarari, kamba za kutweka na kutua tanga. Waliobaki ni watu wa mchanga na wa ubao.

Na yuko mfua maji. Kazi yake haina picha nzuri. Huinama ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika, akayachota kwa upo, au siku hizi kwa dumu la plastiki lililokatwa, na kuyatupa nje. Methali ya kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yeye anaiishi kwa mgongo wake. Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1,025 hivi kwa kila mita moja ya ujazo, na yakiachwa ndani hayatulii kama mchanga. Chombo kikilala, nayo hukimbilia upande uleule uliolala, yakaongeza kilo pale zisipotakiwa. Baharia anayefua maji anahamisha uzito sawa na mwenzake aliyeko ubaoni, ila yeye hapigiwi vigelegele.

Mtihani mkubwa wa watu hawa wote ni kubisha.

Hakuna chombo cha tanga duniani kinachoweza kwenda moja kwa moja kunako upepo unakotoka. Kinachowezekana ni kwenda mshazari, upepo ukiwa shavu moja, kisha kugeuka na kwenda mshazari tena, upepo ukiwa shavu la pili. Njia nzima huwa kama meno ya msumeno. Boti za kisasa za mashindano zinaweza kuukaribia upepo kwa nyuzi 45 au pungufu. Mashua huhitaji nafasi zaidi, kwa hiyo meno ya msumeno wake huwa mapana. Wakati wa kusi, upepo hutokea upande wa bahari kuu na kuingia kwenye mlango kupitia Shela, basi atokaye mjini Lamu kuelekea Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi, hulazimika kubisha. Mlango ni mwembamba. Kila baada ya dakika chache mwambao au fungu la mchanga limekaribia, na kugeuka ni lazima.

Kugeuka kwenyewe ni vurumai yenye mpangilio. Nahodha anatoa onyo, kisha anasukuma kana. Omo linaanza kuuelekea upepo. Demani inaachiwa, tanga linapigapiga kama shuka juani. Watu wa mbele wanaivuta ncha ya chini ya foromali kuelekea mlingotini, mpaka mti wote unasimama wima au karibu na wima, na tanga linapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Kamba zinazoushikilia mlingoti zinafunguliwa na kufungwa upande mpya wa upepo. Mifuko ya mchanga inaburutwa. Ubao unavutwa ndani na kusukumwa nje upande mwingine, na watu wanaupanda kabla haujatulia. Demani inakazwa. Yote haya hufanyika kabla mashua haijapoteza mwendo, maana usukani hufanya kazi pale tu maji yanapopita juu yake. Mashua iliyosimama ina nahodha kwa jina tu: kana hugeuzwa huku na huku, chombo kikichukuliwa na mkondo.

Iko njia nyingine ya kugeuka, nayo ni kuupa upepo tezi badala ya omo na kuzunguka kwa nyuma. Majahazi makubwa yalipendelea hiyo, hasa upepo ukiwa mkali. Lakini anayezunguka hivyo hurudi nyuma akapoteza maji aliyokwisha kuyashinda, na katika mashindano hakuna anayetaka kuyarudisha bure. Mara nyingi pengo linaloonekana kati ya mashua ya kwanza na ya tatu limetengenezwa kwenye kugeuka. Kwenye mbio za moja kwa moja zilikuwa sawa.

Kama upepo ungekuwa mmoja tangu asubuhi hadi jioni, mazoezi yangetosha. Hauwi.

Mwaka wa pwani hii umegawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi karibu na Oktoba, nayo ndiyo iliyoyarudisha. Kati yake kuna majuma ya kusitasita ambayo wenyeji huyaita tanga mbili, au maleleji: upepo umeacha kutoka huku, haujashika kutoka kule. Novemba, mwezi wa tamasha, huangukia humo, tena katikati ya mvua za vuli. Anayeshindana Novemba anashindana na mwezi wenyewe.

Siku nayo ina mzunguko wake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, hivyo alfajiri hupita umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara. Jua likipanda, ardhi hupata joto kabla ya maji, hewa yake huinuka, na hewa ya baharini huingia kujaza pengo. Saa ya kubadilishana zamu mara nyingi ni shwari tupu. Mashua iliyoanza vizuri kwa upepo wa asubuhi inaweza kuganda katikati ya mlango, tanga likining'inia kama nguo ya kuanikwa, huku iliyokuwa nyuma ikipata pumzi ya kwanza ya upepo mpya na kuipita kwa ukingo wa mbali. Hapo mabaharia wa ubaoni hurudi ndani, wakajipanga kimya upande wa demani ili tanga lijikunjue kwa uzito wake. Mtu akitembea kwa kishindo hutikisa ule upepo mdogo ukamwagika.

Nahodha husoma maji kama mzee anavyosoma gazeti. Palipo na weusi wa vijiwimbi, upepo umeshuka hapo. Panapong'aa kama mafuta, hakuna kitu. Hutazama minazi ya Shela, moshi wa jikoni, bendera, na zaidi ya vyote matanga ya wenzake: tanga la mbele likijikunja, habari imefika mapema. Hujua pia kwamba karibu na mikoko ya Manda kuna kivuli cha upepo, na anayejibana huko kukwepa mkondo anaweza kuukosa upepo wenyewe.

Mkondo ni mshindani mwingine. Maji hujaa na kupwa kwa saa sita hivi kila upande, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Maji yote hayo hulazimika kupita kwenye mlango. Anayekwenda nayo hupata kusukumwa bure na hukaa katikati, penye kilindi. Anayekwenda kinyume chake huambaa kandokando ambako mkondo hauna nguvu, ilimradi akumbuke mafungu ya mchanga yalipo. Mkuku ukigusa chini, mbio zimekwisha.

Kinachoogopwa ni wingu la mvua. Mvua inaposhuka huteremsha hewa baridi kutoka juu, na hewa hiyo ikigonga uso wa bahari hutawanyika pande zote. Ndiyo maana ubaridi hutangulia matone. Upepo hukatika kwanza, kukawa na utulivu usiopendeza, kisha hurudi kutoka upande usiotarajiwa ukiwa na nguvu maradufu. Maradufu hapa ina hesabu yake: mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara nne. Watu sita waliokuwa wakitosha ubaoni sasa wangetakiwa ishirini na nne.

Hawapo. Kwa hiyo lazima tanga lipungue. Boti za Kizungu zina vifungo vya kukunjia sehemu ya tanga. Tanga la mashua halina. Desturi ni kuchagua tanga kubwa au dogo kabla ya kuondoka. Kila anayeshindana hutamani kubwa. Likimshinda njiani, anazo njia tatu: kulegeza demani upepo umwagike, kuelekeza omo kwenye upepo ili tanga lipigepige, au kutua foromali yote. Hiyo ya tatu ni kukubali kushindwa, ndiyo maana huchelewa kuamriwa. Na aliyeko ubaoni yuko hatarini kwa namna mbili: chombo kikizidi kulala atapaishwa juu, na upepo ukikatika ghafla ubao utamzamisha majini.

Idara ya hali ya hewa ya Kenya hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kupita maili 25 za bahari kwa saa, yaani kilomita 46 hivi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Tanzania na kutua karibu na Mafia, shughuli za ufukweni zilipigwa marufuku hadi pwani ya Kenya. Kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla. Wingu la Novemba halitangazwi na mtu.

Wenye boti za mamilioni nao wamelipa karo ya somo hili. Jumamosi ya Agosti 11, 1979, boti 303 ziliondoka Cowes, kusini mwa Uingereza, katika mashindano ya Fastnet: kuelekea kwenye mwamba wa jina hilo karibu na Ireland na kurudi Plymouth, mwendo wa maili 605 za bahari. Boti za namna hiyo zina mkuku wa risasi au chuma uliozama chini sana, farumi isiyochoka wala kuteleza. Mwanzo wa safari hali ya hewa ilikuwa ya kawaida. Usiku wa kuamkia Agosti 14 dhoruba ilikuwa imekua kuliko utabiri uliowafikia wengi kwa redio. Makumi ya boti yaliangushwa ubavu, mengine yakapinduka kabisa. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa. Zilizofika mwisho zilikuwa 85.

Uchunguzi uliofuata uligundua jambo la kusikitisha. Boti 24 zilikuwa zimeachwa na watu wake; tano tu ndizo zilizozama. Nyingine zilikutwa baadaye zikielea, huku baadhi ya waliozihama kwa boti za mpira za kujiokolea wakiwa wamekwisha kufa. Risasi iliyokuwa chini ilikuwa imefanya kazi yake. Waliochoka ni watu.

Ukiacha bei, atokaye Lamu hangepotea katika boti hizo. Kuna mshika usukani, kuna mvuta kamba za tanga asiyeondoa macho juu yake, kuna mtu wa omo anayelowa kuliko wote. Na upepo ukikaza, wengine wote hukaa kwa safu ukingoni upande wa upepo, miguu nje, wakitumika kwa kilo zao. Tofauti iko kwenye msamaha. Boti yenye risasi chini ikilala husubiri watu wake wajipange. Mashua haisubiri. Ngalawa nayo, kwa mbao zake za kuelea pande zote mbili, iko katikati ya hizo mbili.

Hapo ndipo mashindano yanapopata kazi ambayo haimo katika ratiba ya tamasha. Siku hizi abiria kati ya Lamu na uwanja wa ndege wa Manda huvushwa kwa boti za faiba zenye injini, na mashua nyingi za mizigo nazo zimefungwa mashine. Kijana anaweza kufanya kazi ya bahari miaka mingi bila kulazimika kubisha kwenye mlango mwembamba upepo ukibadilika. Kwenye mashindano hulazimika. Huanza ngamani na dumu lake, kwa kuwa ndiye mdogo. Huko chini haoni tanga wala upepo. Anachojua ni sakafu iliyo chini ya nyayo zake, na kwa nyayo hizo hujifunza chombo kikitaka kulala kinaanzaje. Mwaka mwingine hupewa mifuko ya mchanga. Akionekana anahama kabla ya kuitwa, hupandishwa ubaoni.

Jioni, mshindi akishabebwa mabegani, mashua huvutwa hadi kwenye maji ya magoti. Ubao huteremshwa. Mifuko hufunguliwa mmoja mmoja, mchanga ukamwagwa ufukweni ulikotoka, na mifuko mitupu husuuzwa na kuanikwa ukingoni. Yule mdogo amebaki ndani, anafua maji ya mwisho. Kesho kutwa kuna shehena ya mawe inayosubiri, na tumbo la chombo linatakiwa likiwa tupu.